Nusu ya Kushoto ya Mama Mdogo

Nimechoka kusimulia safari hii vipande vipande. Anayeingia studio kupiga picha ya pasipoti anataka habari za treni, anayenikuta nje ya kanisa anataka habari za Bukama, na jirani wa ng'ambo ya barabara bado anadai nimweleze vile viti. Ninaandika mara moja, kila mtu asome, kisha mniache nifanye kazi.

Kwa asiyenijua vizuri: mimi ni mtoto wa Likasi niliyeondoka mikono mitupu nikarudi na diploma ya upigaji picha kutoka Durban. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliosha sahani za watu, nikasoma, nikafaulu. Diploma iko ukutani na yeyote anaweza kuja kuisoma. Hapa mjini sijui mwingine anayesafisha filamu mwenyewe kwa dawa zake mwenyewe. Ninayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hayo mtashindwa kuelewa kilichotokea.

LIKASI HADI TENKE

Mama yangu, Mama Mujinga, ana mdogo wake mmoja tu, Ngalula. Wote wawili walizaliwa hapa Likasi. Baba yao alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Katika ile miaka ya fujo, watu wenye asili ya Kasai walipolala kituoni wakingoja mabehewa ya kuwaondoa, Ngalula alipanda treni na mume wake. Mama alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa na baba yangu, mtu wa hapa hapa. Tangu siku hiyo hawajaonana. Sasa goti la mama halipandi hata ngazi za kanisa, na kijiji cha mdogo wake hakina mtandao wa simu. Habari zilikuja kwa midomo ya abiria: anakusalimu, aliugua, amepona.

"Salamu nimechoka," mama aliniambia. "Salamu kila muntu anaweza kuitunga mu njia. Minye nataka kuona sura yake. Pa karatasi, niishike."

Nikafunga mfuko wangu. Ndani niliweka kamera moja tu, ile ndogo ya filamu. Wanaoanza kupiga picha huniuliza kwa nini ninaipenda kuliko mashine kubwa. Nawajibu: inaenea kiganjani, lakini ni ya chuma. Ndani yake kuna kioo kinachopandisha picha kutoka kwenye lenzi hadi kwenye jicho lako, kwa hiyo unachokiona ndicho filamu itakachokiona, wala si kitu cha jirani yake. Katikati ya kile unachokiona kuna mduara mdogo uliopasuka vipande viwili. Ukizungusha lenzi, vipande vya uso wa mtu vinakutana, na hapo unajua picha haitakuwa na ukungu. Betri yake ni ndogo kama kifungo cha shati, na kazi yake ni kupima mwanga tu. Ikifa, kamera inaendelea kupiga, mradi wewe mwenyewe unajua kuusoma mwanga. Mimi ninajua.

Kiti cha mbele yangu kilikaliwa na Mama Odia, mfanyabiashara wa makayabu wa hapa hapa Likasi, ambaye huipanda njia hii kila treni inapotembea. Samaki wake wa chumvi walijaa chini ya viti vyetu vyote, na kufikia kituo cha pili hata shati langu lilikuwa na harufu ya duka lake. Aliiona kamera akajinyoosha kilemba.

"Nipige."

Nikampiga.

"Sasa onyesha."

"Haionekani sasa, mama. Iko ndani ya filamu."

"Haiko na écran?"

"Haina kioo cha kuonyesha, mama."

"Sasa unajua namna gani kama sikufunga macho?"

"Ninajua. Nimesomea."

Akaligeukia behewa zima. "Bantu, muone. Huyu papa alienda kusoma mbali, akarudia na kamera ya kipofu."

Behewa lilicheka mpaka mtu wa mwisho. Niliwaeleza kwa utulivu tofauti ya filamu na simu, na nadhani wawili watatu walinielewa. Wengine walikuwa wanakula.

TENKE HADI BUKAMA

Tenke kichwa cha treni kilituacha. Kilifunguliwa mbele ya macho yetu kikaenda kuvuta mabehewa ya mizigo yaliyokwama mahali, na sisi tukabaki kwenye reli kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi na padri mmoja kijana. Wengine walishuka na masufuria. Kabla moshi wa kichwa haujapotea, kando ya reli palikuwa na majiko, kamba za kuanikia na mtu anayenyoa vichwa.

Mama Odia alipika bukari, ule ugali wetu, kwa makayabu yake akaniita kwa kidole. Nilikuwa na mikate na mayai niliyonunua, nikamwambia nimeshakula.

"Muntu mwenye kula mayai pa treni anakula peke yake," alisema. "Kuya huku. Bukari haiulize diploma."

Nilikwenda. Nimekula mahali pengi na meza za aina nyingi, lakini ile bukari ya kando ya reli ya Tenke sitaidharau. Ilikuwa ngumu vizuri, na samaki alikuwa amelowekwa na mtu anayejua muda wa kumtoa majini. Baada ya chakula nilipiga picha nyingi: masufuria, magurudumu, padri akifua soksi zake. Kila mara nilipobonyeza, mtu alinyoosha shingo nyuma ya kamera kutafuta picha, akakuta chuma cheusi.

Kichwa kilirudi wakati ambapo hakuna aliyekingoja tena. Tuliteremka kuelekea Bukama polepole, breki zikilia, hadi Lualaba ilipojitandaza chini yetu na wauza samaki wakapanda kwa madirisha.

KAMINA

Kamina sina mengi ya kusema ila moja. Simu yangu ilikuwa imekufa, nikaiacha kwenye kibanda cha kuchajia karibu na kituo, kwa sababu tuliambiwa treni italala hapo. Treni haikulala. Ilipopiga filimbi nilikimbia kibandani nikakuta kufuli.

"Mwenyewe amekwenda matanga," aliniambia mama wa kibanda cha pili, bila kuacha kukaanga.

"Atarudi lini?"

Alinitazama kama mtu aliyeuliza mvua itaisha lini. "Matanga ikiisha."

Nilikuwa na hiari ya kuvunja kufuli la mtu aliyefiwa, au kupanda treni bila simu. Nikapanda. Wale mnaosema kwamba mngepiga picha ya mama mdogo kwa simu na mambo yakaisha, sasa mnajua.

LUPUTA, NA MBELE YAKE

Luputa nilishuka. Mama Odia aliendelea na samaki wake, akinitakia macho mazuri mimi na kamera yangu. Pikipiki ilinichukua kwenye njia ya mchanga hadi kijijini, ambako kila mtu alinisemesha Kiluba cha Kasai nami nikajibu kwa kile kidogo nilichonyonya nyumbani. Walinielekeza kwa mikono. Lakini nyumba niliitambua kwa sikio. Nyuma ya ukuta wa udongo, mwanamke alikuwa anamgombeza mbuzi kwa Kiswahili cha Likasi.

"Weye kichwa nguvu weye. Nilikuambia nini asubuhi? Toka mu mihogo ya bantu."

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, na kavu, na kilemba kimekaa kama cha mama kabisa. Akaniona nimesimama.

"Weye ni nani?"

"Niko mutoto wa Mujinga. Wa Likasi."

Alikaa chini palepale, juu ya kinu kilicholala. Hakulia. Alisema, "Ongea tena."

"Niseme nini, mama mudogo?"

"Ata kintu gani. Ongea tu. Hapa niko naongea na mbuzi tu."

Niliongea mpaka koo likakauka. Alitaka kujua duka la Mgiriki limekuwa nini, nani alizikwa wapi, kama maji ya bomba bado yanatoka mekundu. Alinipikia bidia, ugali wa kwao wa mahindi na muhogo, na matembele, akanitazama nikila kwa namna ya mtu anayehesabu midomo iliyobaki ya ukoo wake. Yeye na mama walishiriki kitanda kimoja hadi siku ya ndoa ya mama. Aliniambia hivyo mara nyingi.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuja zuri kutoka kushoto. Niliweka kiti mbele ya mlango wake wenye giza nikamwomba avae nguo ya misa. Alitoka amependeza, akakiona kiti, akasimama.

"Kiti moja?"

"Ndiyo, mama mudogo. Ukae, uangalie huku."

"Peke yangu. Na nguo ya misa. Naangalia mbele." Alitingisha kichwa. "Ile ni photo ya kuweka juu ya sanduku. Yaya yangu, mama yako, alikutuma utengeneze matanga yangu?"

Nilijua anasema nini, kila mtu wa kwetu anajua. Picha ya mtu peke yake, amevaa vizuri, anakutazama usoni, ina kazi yake: ndiyo inayosimama juu ya jeneza na kutangulizwa njiani kwenda makaburini. Vijana wanapiga bila kujali. Wazee hawakubali. Nilijaribu kumweleza kwamba picha ya uso ni sanaa, kwamba nimeisomea, kwamba ninayo diploma.

"Kule unasomea, bantu habafe?"

"Wanakufa, mama mudogo."

"Basi. Nitapiga na yaya, ama sipigi. Bantu babili, hakuna mwenye kutuweka juu ya sanduku." Akaanza kufungua kilemba.

Hapo niliona safari yote inarudi mikono mitupu. Nilimwona mama akinyoosha mkono kupokea karatasi na mimi nikimpa salamu. Nilikaa kwenye kile kiti mimi mwenyewe, kamera magotini, na macho yangu yakaangukia kitufe kidogo kilicho kando ya mkono wa kusogezea filamu. Wengi wenye kamera kama yangu hawajawahi kukigusa. Kwa kawaida ukishapiga picha, unauvuta ule mkono kwa kidole gumba. Filamu inasogea, na kamera inakuwa tayari kwa picha nyingine. Lakini ukisukuma kwanza kitufe hiki, unavuta mkono na filamu inabaki mahali pake. Unapiga tena juu ya kipande kilekile. Picha mbili zinalala kitanda kimoja. Na ukiweka kitu cheusi nyuma, palipo peusi filamu haipokei kitu. Panabaki patupu, panangoja.

"Mama mudogo," nilisema, "nitakupiga wewe upande wa kushoto. Upande wa kulia nitauacha mtupu. Sitasogeza filamu mpaka Likasi. Huko nitampiga mama pale pale, upande wa kulia. Mtakuwa wawili."

Alinifanya nirudie. Kisha akauliza swali ambalo hata wanafunzi wenzangu hawakuuliza.

"Na kama ukisogeza mu njia?"

"Utabaki peke yako."

"Sasa usisogeze."

Tulitundika blanketi jeusi mlangoni. Niliupima ule mduara wa katikati: yeye asiuvuke. Alikaa, akauliza yaya atakuwa wapi, nikamwonyesha, mkono wako wa kushoto. Akaunyoosha mkono huo hewani, kiganja juu, kama mtu anayengoja kupokea kitu. Nilikuwa ninashika pumzi nilipobonyeza, na wakati huohuo mbuzi alipita nyuma yangu na kitu mdomoni. Mama mdogo akacheka meno yote yaliyobaki. Kwa hiyo pichani anacheka.

Kidole gumba changu kikaruka kwenda kwenye mkono wa filamu, kama kinavyoruka baada ya kila picha niliyopiga maishani. Nilikikamata kwa mkono mwingine.

LUPUTA HADI BUKAMA, KURUDI

Niliufunga mkono wa filamu kwa plasta ya kidonda, mizunguko mingi, na kamera nikaivaa kifuani chini ya koti.

Sasa fikirini mpiga picha anayesafiri bila kupiga. Njia ile ilinitolea kila kitu. Mwanamke alinyonyesha mapacha akiwa amekaa mlangoni mwa behewa, jua limewaka nyuma yao. Moto wa nyika ulikimbia sambamba na treni. Kule Kamina kibanda kilikuwa bado kimefungwa na mama wa pili bado anakaanga, na hata hilo lilikuwa picha. Mwanzoni nililaani. Mkono uliniwasha. Baadaye nikaanza kuona jambo ambalo sikufundishwa: kwamba vitu nisivyovipiga vilikaa kwangu muda mrefu zaidi, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuviweka. Wale mapacha nawaona hata sasa. Masufuria ya Tenke, niliyoyapiga vizuri sana, sikuyakumbuka mpaka niliposafisha filamu.

Mama Odia alikuwemo kwenye treni ileile, safari hii na magunia ya mahindi.

"Kamera ya kipofu ilienda wapi?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kwa mikono, na kwa kuwa nina sauti ya kufundisha, behewa zima lilisikia: nusu ya kushoto iko ndani, nusu ya kulia inangoja Likasi. Mzee mmoja aliuliza kama mama mdogo anaumwa popote sasa hivi, huko aliko, treni inapotikisika. Nikamwambia hapana. Lakini tangu hapo, kila breki zilipolia, mtu aliniangalia kifuani.

BUKAMA HADI LIKASI

Bukama alipanda mtu mwenye miwani myeusi na beji aliyoipitisha haraka. Alipekua mifuko, akafika kwangu, akagusa koti.

"Kamera. Ulipiga daraja la Lualaba? Inakatazwa."

"Hapa sikupiga chochote, chef," nikamjibu kama tunavyowajibu wakubwa.

"Onyesha basi."

Mtajua wenyewe mazungumzo yalivyokwenda. Hakuna kioo cha kuonyesha. Hakuna kufuta. Kila jibu la kweli nililompa lilifanana na uongo, na ile plasta ilimwudhi zaidi. Nilimtajia diploma. Aliomba kuiona, nami iko ukutani Likasi. Akaichukua kamera, akaigeuza, akapata mlango wa nyuma. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kinachoufungua. Mwanga ukiingia hapo, hata wa dirisha, filamu yote inaungua na basi.

"Chef," alisema Mama Odia kutoka juu ya magunia yake, bila haraka. "Mule ndani muko mama yake mudogo."

"Nini?"

"Nusu yake. Ya kushoto. Ingine iko inangojewa Likasi. Ukifungua, unamukata."

Mtu yule alilitazama behewa akitafuta atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, chef," alisema. "Tunatoka naye mbali."

"Eko muzima?" mwenye beji aliuliza.

"Muzima," nikasema. "Anafuga mbuzi."

Aliishika kamera kwa muda, sasa kwa mikono miwili, kama kitu chenye maji ndani. Kisha akanirudishia, akajipangusa viganja kwenye suruali. "Muendeshe ile mambo yenu mbali na daraja," alisema, akaenda behewa la pili.

Mama Odia hakunitazama. "Unaona," alisema, "kusoma ni muzuri, lakini kuongea na bantu pia ni kazi."

Nilimshukuru, na bado namshukuru, ingawa kusema kweli maelezo aliyoyatumia yalikuwa yangu.

UANI

Niliingia nyumbani asubuhi, ndevu zimenijaa na koti limechakaa. Mama alikuwa misani, anayoisikilizia chini ya ngazi. Jua lilikuwa linatoka kushoto kama kule kijijini, na baada ya muda si mrefu lingehamia upande mwingine. Mdogo mtu angemulikwa huku na dada mtu kule, na kila mwenye macho angejua ni uongo. Nilihitaji kuwa tayari mama atakapofika.

Kitambaa cheusi kikubwa katika barabara yetu ni kimoja, na mnajua kinakaa kwa nani. Nilikwenda kwa Papa Ilunga, anayetuongoza katika sala za mtaa, nikamwomba anipe kitambaa cheusi. Hakuuliza kitu. Alivua kofia, akakileta kimekunjwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilidhani anafurahi kuniona nimerudi salama. Nikaenda kukitundika ukutani uani, nikaweka kiti kimoja kitupu mbele yake, upande wa kulia, nikaanza kubandua plasta.

Niliposikia viti vikigongana, jicho langu lilikuwa limezama kwenye kamera. Papa Ilunga aliingia na viti vya plastiki begani. Nyuma yake mkewe na mkeka. Kisha kina mama wa chama wenye vilemba vilivyolegezwa, mmoja na unga, mmoja na kuni. Waliketi wakikielekea kile kiti. Yeyote wa kwetu angeona walichokiona: mwana amerudi kutoka Kasai bila taarifa, hakunyoa ndevu, hasemi neno, na ametundika kitambaa cheusi cha misiba nyuma ya kiti kitupu.

Nilisema, "Hapana, ngojeni," na hapo mama akaingia getini. Wanawake wawili walikuwa wameshamshika mikono kutoka barabarani, kama wanavyomshika mtu ambaye bado hajaambiwa. Aliangalia kitambaa. Aliangalia kiti. Goti ambalo halikunjiki likakunjika, akakaa ardhini.

"Ngalula," alisema. Kisha kilio kikapanda.

"Mama, ni mzima. Nimekula naye. Mama mudogo ni mzima."

"Ndiyo vile banasemaka," mama alisema katikati ya kilio. "Siku ya kwanza ni muzima. Siku ya pili eko anagonjwa kidogo."

"Nimempiga picha."

"Onyesha."

Nikainua kamera. Watu wote uani walinitazama.

"Iko ndani, mama."

"Fungua."

"Nikifungua inapotea. Iko nusu. Lazima kwanza ukae hapo nikupige wewe, ndipo niisafishe."

Papa Ilunga aliinama akaniambia sikioni, kwa upole, "Mwanangu, musiba unachanganya kichwa. Pumzika."

Nataka muelewe nilikuwa nimesimama wapi. Kumthibitishia mama, nilipaswa kusafisha filamu. Nikiisafisha sasa, mama mdogo angetoka peke yake, nguo ya misa, upande mmoja giza tupu. Picha ya jeneza kamili, ile niliyomwahidi haitakuwepo. Nikimngoja mama atulie, hakuna wa kumtuliza, na jua linahama.

Mama mwenyewe ndiye aliyeamua. Alijisukuma juu, akakiendea kile kiti. "Umesema anakaa huku kwangu?"

"Mkono wako wa kulia."

"Basi piga. Ata kama amekufa, nikae naye."

Alikaa. Kilemba kimefunguka, machozi yanatiririka, shavu ameliegemeza kwenye kiganja cha kulia, kiwiko kimetoka nje, kama mama zetu wote wanavyokaa msibani. Nilisukuma kile kitufe, nikavuta mkono, nikasikiliza kama filamu imesogea. Haikusogea. Nikabonyeza.

Umeme uliokuwa umekatika ulirudi mchana. Hadi wakati huo nilikuwa nimeshasafisha filamu gizani, na hakuna aliyeondoka uani. Kina mama walikuwa wamewasha moto wakapika, kwa sababu unga ulikuwa umekuja na watu walikuwepo. Nilichapa picha moja nikaileta bado ina maji, nimeishika kwa pembe.

Mama aliipokea. Kushoto, Ngalula anacheka kinywa wazi, amezeeka, meno yamepungua, kilemba ni kilekile cha familia. Kulia, mama analia. Ule mkono wa mama mdogo uliokuwa umenyooshwa hewani, kiganja juu, ulikuwa umefika hasa chini ya kiwiko cha mama. Viungo vya wote wawili vilionekana kimoja ndani ya kingine, kama kitu kilicho ndani ya maji. Mtu angesema mmoja amemshikilia mwenzake asianguke, na anacheka kwa sababu anajua kilio chenyewe hakina maana. Nimeipima mimi, lakini hilo la kiwiko sikulipima.

Mama alipitisha kidole juu ya meno ya mdogo wake.

"Eko muzima," alisema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia, sikusikia. Lakini kama alikufa, ungeleta ya peke yake." Aliwaonyesha wengine. Papa Ilunga aliishika, akavaa kofia yake. Wanawake waliipokezana juu ya sahani za bukari, na sasa walikuwa wanakula kwa sauti.

Nikamwambia mama kwamba kuna jambo moja: nimemwahidi mama mdogo nakala, na Mama Odia atapanda treni ijayo. Lakini kipande kile cha filamu kimekwisha. Haiwezekani kumpiga mama tena akiwa ametulia. Kama hataki mdogo wake amwone hivi, tusipeleke.

"Kwa nini usipeleke?" Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Minye nitalilia Ngalula siku ile hatanisikia? Muache aone sasa, angali anakula bidia yake."

Aliitazama tena, akaanza kutabasamu kwa upande mmoja. Kisha akazungusha macho uani, kiti kwa kiti, mpaka kwenye nyumba ya kona, ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

"Na umuambie Mama Odia amufikishie na maneno," alisema. "Amuhesabie wote balikuya kumulilia. Na wale habakuya."